Faiba Shuleni: Unalipia Mtaro, Si Kioo

Leo tuweke kando mambo ya kuandika programu, tuzungumze kuhusu nyaya. Najua wengi wenu mnapenda msimbo kuliko koleo na sururu, lakini programu yoyote inayotumiwa na zaidi ya mtu mmoja lazima ipite kwenye waya fulani, na waya huo ukiwa mbovu hakuna msimbo utakaouponya. Nazungumzia faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo. Si ile ya kuvuka bahari, bali ile fupi ya kuunganisha majengo ndani ya ua mmoja: shule, hospitali, kiwanda cha majani chai, kanisa lenye ofisi huku na ukumbi kule.

Ninalotaka kusema ni moja, na nitalisema mapema ili mwenye haraka aende zake. Ukipanga faiba, kitu unachonunua hasa ni mtaro. Kioo chenyewe si ghali, na kitaishi kuliko kila kifaa utakachokifunga kwenye ncha zake. Kwa hiyo panga mtaro na idadi ya nyuzi kwa ajili ya mtu atakayekuja miaka 20 ijayo, kisha nunua vifaa vya mwanga kwa mahitaji ya leo tu.

Sasa nieleze jinsi mwandishi wa programu alivyoingia kwenye mambo ya mitaro.

PROGRAMU INAYOOGOPA MVUA

Kuna shule ya sekondari ya bweni kule milima ya Kisii inayotumia programu niliyoiandika ya karo na alama za mitihani. Seva iko ofisini kwa mhasibu. Walimu wa darasa husoma orodha za karo wakiwa chumba cha walimu, na maabara ya kompyuta iko mita 140 kutoka ofisini, upande wa pili wa kiwanja cha voliboli. Fundi wa kwanza alikuwa ameunganisha majengo yote kwa waya wa shaba. Kwa kuwa waya wa shaba wa Ethaneti haupaswi kuzidi mita 100, alitia swichi ndogo katikati ya safari, ndani ya stoo ya majembe.

Wanaoijua Kisii wanaijua radi yake. Ukanda wote unaozunguka Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Kila msimu wa mvua shule ilikuwa inapoteza swichi moja au mbili, na simu ya kwanza ilikuwa inanijia mimi: "Programu yako imekwama tena."

Haya yangekuwa ya kuchekesha kama si yaliyotokea muhula mmoja. Swichi ya stoo iliungua Jumamosi. Jumatatu asubuhi mwalimu mmoja wa darasa alichapisha orodha ya wasiomaliza karo kutoka nakala iliyokuwa kwenye kompyuta yake. Juu ya karatasi programu iliandika kwamba nakala hiyo ni ya Ijumaa, lakini nani husoma maandishi madogo ya juu? Msichana wa kidato cha tatu ambaye baba yake alikuwa amelipa Jumamosi hiyo hiyo, na risiti akapewa, alirudishwa nyumbani. Alirudi Jumatano. Alikosa siku mbili za masomo na karatasi moja ya mtihani wa hesabu, kwa sababu ya kifaa cha plastiki kilichoungua ndani ya stoo ya majembe.

Siku hiyo mwalimu mkuu aliniita, na safari hii nilimwambia kwamba swichi nyingine mpya haitasaidia kitu.

KWA NINI RADI HUPENDA SHABA

Watu wengi hudhani radi lazima ipige waya wenyewe ndipo vifaa viungue. Hapana. Radi ikipiga mti au ardhi karibu na jengo moja, ardhi ya hapo hupanda volteji kwa muda mfupi sana kuliko ardhi ya jengo la pili. Ukiwa na waya wa shaba kati ya majengo hayo mawili, umejenga daraja. Umeme hupita darajani ukitafuta kusawazisha mambo, na mlinzi wa daraja kila upande ni swichi yako.

Kioo hakipitishi umeme. Ukiwa na faiba kati ya majengo, kinachovuka ni mwanga peke yake. Kila jengo hubaki na ardhi yake na stima yake. Kwa shule zetu za milimani mimi nahesabu hiyo kuwa sababu ya kwanza ya kuweka faiba, kabla hata ya kasi na umbali.

Lakini tusidanganyane. Faiba hailindi kitu kinachoingia kwa njia ya stima. Radi ikipitia nyaya za umeme za kampuni hadi kwenye soketi, kompyuta itaungua hata kama mtandao wako wote ni wa kioo. Vizuizi vya volteji na waya wa ardhini uliofungwa vizuri bado vinahitajika.

Na waifai je? Kwa majengo mawili yanayoonana bila mti katikati, jozi ya redio za kuelekezana ni rahisi na hufungwa kwa siku moja. Kama hiyo inakutosha, itumie kwa amani. Shule yetu ina mikaratusi mirefu kila upande, na redio ingehitaji mlingoti, yaani tungesimamisha chuma kirefu mahali tunapokimbia radi.

UZI GANI?

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, basi twende polepole. Uzi wa faiba una tabaka mbili za kioo: kiini cha ndani ambamo mwanga hupita, na ganda linaloubana mwanga usitoroke. Ganda lina kipenyo cha mikromita 125, unene unaokaribia unywele mnene. Tofauti iko kwenye kiini.

Uzi wa njia nyingi una kiini cha mikromita 50, au 62.5 kwa ule wa zamani. Mwanga unaingia kwa urahisi, lakini miale hupita kwa njia tofauti ndani yake na kufika kwa kuachana kidogo. Kadiri unavyotuma data haraka, ndivyo kuachana huko kunavyoharibu ujumbe. Uzi wa njia moja una kiini cha mikromita 9 hivi. Ni kidogo mno, na mwanga una njia moja tu ya kupita.

Miaka ya 2000 ushauri wa kawaida ulikuwa: ndani ya ua weka njia nyingi, kwa sababu leza za njia moja zilikuwa ghali. Tazama yaliyowapata waliofuata ushauri huo kwa uzi wa 62.5. Kwa kasi ya gigabiti 1 uzi huo unafika takriban mita 220 hadi 275. Kwa gigabiti 10, kwa vifaa vya kawaida, unafika mita 33. Naam, 33! Aliyechimba mtaro wa mita 200 mwaka 2003 anao mtaro mzuri wenye kioo kisichomfaa. Vizazi vilivyofuata vya njia nyingi vimeboreka: OM3 hufika mita 300 kwa gigabiti 10, na OM4 mita 400. Lakini ni mbio zile zile, kila kizazi na kebo yake.

Uzi wa njia moja haukuwa na mbio hizo. Moduli za kawaida za gigabiti 10 hufika kilomita 10 juu yake, na kasi ikipanda hubadilishi kioo, unabadilisha moduli za kwenye ncha. Siku hizi moduli hizo zimeshuka bei hadi tofauti haistahili mjadala, na kebo yenyewe mara nyingi ni rahisi kuliko ile ya njia nyingi. Kwa hiyo jibu langu kwa anayechimba mtaro mpya leo ni fupi: njia moja.

Kwa wenzangu waandishi wa programu nitalieleza hivi. Mtaro na kioo ni kama muundo wa hifadhidata uliokwisha kujaa data za miaka 10: kuubadilisha ni maumivu. Swichi na moduli ni kama maktaba za msimbo, unaziboresha mchana na jioni unaenda kunywa chai. Fikiri sana kwenye kile kisichobadilika.

TEMBEA KABLA YA KUCHORA

Nilichukua ramani ya shule kutoka kwa mwalimu mkuu nikachora mistari mizuri sana. Kisha nikamtafuta mzee anayetunza shamba la shule, tukatembea naye kila mstari.

"Hapo usipachimbe, kijana wangu," aliniambia tukiwa nyuma ya maktaba. "Hapo chini lipo bomba la maji la zamani. Na pale kwenye nyasi kijani kibichi, lilikuwa shimo la choo."

"Ahsante mzee. Na huku kando ya ukuta?"

"Huko pita. Lakini mnakusudia kujenga bweni jipya pale kwa ndizi. Waulize wakubwa."

Ramani haikuwa na bomba, choo wala bweni jipya. Saa mbili za kutembea na mzee zilitupa njia ambayo hatukulazimika kuibadilisha hata mara moja. Kila ua una mtu kama huyu, na mara nyingi hayumo kwenye mkutano wa kupanga. Mtafute.

Mambo tuliyoyaamua baada ya matembezi ni haya.

Kwanza, umbo la nyota. Kila jengo lina kebo yake hadi kwenye kabati kuu ofisini. Hakuna jengo linalopitia jengo lingine, ili stima ikizimwa maktaba isije ikazima maabara.

Pili, nyuzi 12 kwa kila jengo. Kiunganisho cha kawaida hutumia nyuzi 2, mmoja wa kutuma na mmoja wa kupokea. Tofauti ya bei kati ya kebo ya nyuzi 4 na ya 12 ni ndogo, lakini kuchimba mara ya pili ni bei ile ile ya kuchimba mara ya kwanza. Nyuzi zinazobaki ni za kamera, simu, bweni jipya, na uzi utakaovunjika.

Tatu, kebo ipite ndani ya bomba la plastiki, na kando yake liwekwe bomba la pili tupu lenye kamba ndani ya kuvutia kebo ya kesho. Tulichimba angalau sentimita 60, na zaidi pale lori la kuni linapopita. Juu ya bomba, katikati ya udongo wa kufukia, ukalazwa mkanda wa onyo wa rangi, ili jembe likutane na mkanda kabla ya kukutana na kebo.

Nne, fuko. Usicheke. Fuko wa milimani hutafuna kila kitu ardhini, na kebo anaiona kama mzizi. Kuna kebo zenye ganda la chuma la kuwazuia, lakini ukichukua hiyo umerudisha chuma kati ya majengo, na lazima ganda hilo lifungwe kwenye waya wa ardhini panapoingia. Sisi tulichagua kebo isiyo na chuma hata kidogo, ndani ya bomba nene.

Tano, kona. Kioo hakipendi kukunjwa. Kanuni ya kawaida ni kwamba kebo iliyotulia isikunjwe kwa nusu-kipenyo kilicho chini ya mara 10 ya unene wake, na wakati wa kuvutwa isipungue mara 20. Kwa hiyo kwenye kila kona tulijenga kisanduku cha zege chenye mfuniko, na ndani yake tukaacha kebo ya ziada imezungushwa mita kadhaa. Siku ikikatika, hiyo ziada ndiyo itakayokuokoa.

HESABU YA MWANGA

Hesabu hii inatisha kwa jina tu. Moduli ya kutuma ina nguvu fulani, na ya kupokea ina kiwango cha chini inachoweza kusoma. Tofauti yake ndiyo bajeti yako. Mfano: karatasi ya moduli ikisema inatuma si chini ya -9.5 dBm na inapokea hadi -20 dBm, una desibeli 10.5 za kutumia.

Jengo letu la mbali ni bwalo la chakula, mita 260. Uzi wa njia moja hupoteza takriban desibeli 0.4 kwa kilomita, kwa hiyo kioo kinakula 0.1 tu. Viunganishi viwili, kila ncha kimoja, tuvihesabie 0.75 kila kimoja: 1.5. Maungo mawili ya kuyeyusha, 0.3 kila moja: 0.6. Jumla ni 2.2. Ongeza 3 za tahadhari kwa vumbi na uzee, unapata 5.2. Tumebaki na nafasi ya kutosha.

Umeona kinachokula mwanga? Si umbali, ni viungo. Ndani ya ua mmoja adui wako ni kiunganishi kichafu, si mita. Na usinunue moduli ya kilomita 80 ukidhani nguvu zaidi ni bora: kwa umbali mfupi mwanga wake unaweza kuumiza kipokezi.

Jambo la rangi pia. Kiunganishi cha kijani kimekatwa kwa mshazari, cha buluu kimekatwa wima. Usivikutanishe, maana nyuso zao hazigusani vizuri na mwanga mwingi hupotea. Nyuzi nazo zina mpangilio wa rangi unaokubaliwa kwa mapana: buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, manjano, zambarau, waridi, samawati. Bandika orodha hiyo ndani ya mlango wa kabati.

Tafadhali pia usichungulie ncha ya uzi kuona kama mwanga upo. Leza ya nanomita 1310 haionekani kwa jicho lakini jicho hulidhuru. Na vipande vya kioo vinavyokatwa wakati wa kuunganisha huingia kwenye ngozi kama mwiba usioonekana. Vikusanye kwenye chupa yenye kifuniko, na chai inywewe mbali.

KUZIKA PESA

Bodi ya shule ilikutana Januari. Pesa zilizokuwepo zingetosha kununua kompyuta 20 za maabara, au kuchimba. Mama mmoja mwakilishi wa wazazi aliuliza swali ambalo bado nalikumbuka: "Injinia, kompyuta watoto wataziona. Wewe unataka pesa zetu tuzizike?"

Nilimjibu, "Ni kweli mama, nataka tuzizike. Kompyuta ya leo baada ya miaka 7 itakuwa stoo. Kilichozikwa vizuri kitakuwa bado kinafanya kazi watoto wa hawa watoto wakija kidato cha kwanza. Na yule binti aliyerudishwa nyumbani hakukosa kompyuta. Alikosa waya."

Walijadiliana bila mimi. Uamuzi wao ulikuwa na busara kuliko ombi langu: kompyuta 6, faiba hadi maabara, maktaba na chumba cha walimu, na kwa bwalo mtaro na bomba tupu lenye kamba, kebo isubiri bajeti nyingine. Zaidi ya nusu ya gharama ya faiba ilikwenda kwa kuchimba, mabomba na zege. Vijana wa kijijini walichimba na kulipwa, na kazi ikaisha kabla ya mvua ndefu.

Kwenye mkataba na fundi wa kuunganisha tuliweka sharti moja zito: malipo ya mwisho hutoka baada ya kila uzi kupimwa, nyuzi zote 36, si zile 6 zinazotumika tu, na matokeo kukabidhiwa yakiwa yamechapishwa. Tukataka pia lebo kila ncha, na mchoro wenye vipimo kutoka kwenye kuta za majengo. Nyuzi mbili hazikufikia kiwango. Akazikata na kuziunganisha upya siku hiyo hiyo, kwa kuwa bado alikuwa anatudai.

Mvua ilikuja Machi kama kawaida yake. Radi ilipasua mkaratusi mmoja nyuma ya maktaba. Swichi zote ziliamka asubuhi zikiwa hai.

MITA 200 ZA MWISHO

SEACOM ilipoanza kazi Julai 2009, na TEAMS kufika Mombasa mwaka huo huo, kisha EASSy mwaka 2010, wengi wetu tulishangilia kwamba enzi ya setilaiti ghali imekwisha. Tulikuwa na haki ya kushangilia. Kioo kile kile alichokitabiri Charles Kao mwaka 1966, kazi iliyompa tuzo ya Nobel mwaka 2009, kilikuwa kimefika pwani yetu.

Lakini mtandao hauishii Mombasa, wala kwenye nguzo ya nje ya lango. Huishia kwenye meza ya mwalimu wa darasa, na kati ya lango na meza ile kuna mita 200 ambazo hakuna kampuni wala serikali itakayokuja kukupangia. Ni zako wewe na mwenye koleo.

Kwa hiyo kama shule yako, zahanati yako au chama chenu cha akiba kiko karibu kuchimba mtaro wowote mwaka huu, hata wa maji, laza bomba moja tupu la plastiki kando yake na kamba ndani. Linagharimu kidogo sana siku mtaro ukiwa wazi. Ukishafukiwa, bei inaanza upya.